Tisa Mara Kumi

Ningepewa dakika moja tu ya kuzungumza na wenye boti za abiria na za uvuvi katika pwani yetu, ningewaandikia ubaoni tarakimu hizi: 9999999999. Hizo ndizo zinazotoka kwenye redio ya baharini pale nahodha anapobonyeza kitufe chekundu cha dharura na redio yenyewe haijui iko wapi. Kanuni za kimataifa zimetenga tarakimu kumi katika kila ishara ya dharura kwa ajili ya kutaja mahali. Pasipo na cha kutaja, nafasi hiyo hujazwa tisa tupu. Saa nayo isipojulikana, hujazwa nane nne. Watu wanazama, kitufe kimebonyezwa, king'ora kinalia ndani ya meli jirani, afisa wa zamu anakimbilia skrini asome ni wapi, na skrini haina la kumwambia.

Jambo hili linaniuma kwa sababu tiba yake mara nyingi ni nyaya mbili na namba moja.

Kwanza tuelewane kitufe hicho kinafanya nini. Kwa miaka mingi nahodha aliyepatwa na janga alikuwa na njia moja: kushika kipaza sauti, kuita Mayday mara tatu kwenye chaneli 16, na kuomba Mungu kuna mtu aliye macho na sauti ya redio yake iko juu. Mfumo wa wito wa kidijitali, unaojulikana kwa herufi DSC, ulibuniwa ili ubebe kazi ya kwanza, kazi ya kuwaamsha watu. Ukiinua kile kifuniko na kukishikilia kitufe kwa sekunde chache, redio ya VHF, ile ya masafa mafupi inayotumiwa na boti nyingi, inahamia yenyewe chaneli 70, ambako hairuhusiwi mtu kuongea. Huko inapiga milio miwili inayopishana kwa kasi, mmoja mzito na mwingine mwembamba, alama 1,200 kwa sekunde. Kila herufi ya ujumbe hutumwa mara mbili na hubeba alama tatu za kuihakiki, ili ngurumo ya radi au kukatika kwa mawimbi kusiharibu habari. Shughuli yote huchukua kama nusu sekunde. Kisha redio inarudi chaneli 16 kumsubiri nahodha aongee. Asipopata jibu la kidijitali, inarudia ishara yenyewe kila baada ya dakika nne hivi, hata kama hakuna tena mkono wa kuigusa.

Ndani ya ile nusu sekunde kuna mambo manne yaliyo muhimu: nani anaita, amepatwa na nini, yuko wapi, na ilikuwa saa ngapi alipokuwa hapo. Chombo kilicho nyuzi 5 na dakika 40 kusini, nyuzi 39 na dakika 20 mashariki, yaani kaskazini kidogo ya Nungwi, kinataja mahali pake hivi: 2054003920. Ile 2 ya mwanzo ni robo yetu ya dunia, kusini-mashariki. Aina ya janga nayo ina namba yake. Moto ni 100, kuingiwa na maji ni 101, kuzama ni 105, mtu kuanguka baharini ni 110.

Nimelitafakari sana suala hili la namba, na naona ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote kwa mabaharia wetu, ingawa halizungumzwi. Meli kubwa zinazopita katika mkondo wetu zinaongozwa na Wafilipino, Wahindi, Wagiriki, Wachina. Nahodha wa boti aliyezaliwa Mkoani au Kilwa, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea nafasi gatini, akiita kwa sauti usiku, upepo unavuma na watu wanapiga kelele nyuma yake, nani atamwelewa? Namba 105 haina lafudhi. Itatokea kwenye skrini ya kila mmoja wao kama neno kamili: anazama, yuko hapa. Pengine hiki ndicho kifaa pekee ndani ya chombo ambacho hakimuulizi baharia alisoma shule gani.

Lakini kifaa kinasema kile tu kilichoambiwa. Walinzi wa Pwani wa Marekani, ambao wana minara, wafanyakazi na fedha, waliwahi kutoa tahadhari kwamba takriban ishara tisa kati ya kumi za VHF walizokuwa wakizipokea kwa njia hii hazikuwa na mahali, na takriban sita kati ya kumi zilitoka kwenye redio zisizo na utambulisho uliosajiliwa. Walisema waziwazi kwamba hawawezi kuitikia ipasavyo ishara ya namna hiyo. Hiyo ni Marekani, nchi ambayo redio hizi zinauzwa dukani pamoja na ndoano. Ishara ilitoka, mnara ukaisikia, mtu akaisoma, na bado hakujua amtume nani wapi. Mitambo ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni kazi ya saa moja ya fundi siku redio ilipofungwa.

Redio nyingi za zamani hazina kipokezi cha satelaiti ndani yake. Zinatoa nyaya nyuma za kuunganishwa na GPS ya chombo, na fundi akishaona sauti inatoka na taa inawaka, anazikunja nyaya hizo, anazifunga utepe, anaondoka. Redio mpya nyingi zina GPS ndani, kwa hiyo tatizo hilo linapungua polepole. Ila boti zetu hazinunui redio mpya kila mwaka.

Miaka miwili iliyopita nilivuka kwenda kisiwani kwa boti ya mbao yenye mashine, na nahodha, mzee wa makamo, alinikaribisha kibandani kwake nikwepe mvua. Redio ilikuwa imefungwa juu ya usukani, nzuri, ya kisasa kiasi. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, hii nayo inafanya kazi?"

"Marahaba. Inafanya sana. Tunaongea na wenzetu kila siku."

"Na hicho kitufe chekundu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za chumba asichokifungua. "Hicho usikiguse, mwanangu. Hicho ni cha hatari."

Nilipoomba ruhusa ya kuangalia, kwenye pembe ya skrini palikuwa na vistari mahali pa latitudo na longitudo. Nilipofungua orodha ya mipangilio, nafasi ya namba ya utambulisho ilikuwa tupu. Redio nyingi zikiwa hivyo haziwezi kutuma ishara ya dharura hata kidogo, kitufe kikibonyezwa zinaishia kulalamika kwamba hazina namba. GPS yake ilikuwa hapo hapo, shubiri mbili kutoka kwenye redio, ikionyesha mahali tulipo kwa uhakika wa mita chache. Vifaa viwili vilivyokaa jirani mwaka mzima havijawahi kusemezana.

Nahodha yule si mzembe. Alikuwa amekagua ngama kabla ya kung'oa nanga, alihesabu makoti ya kuokolea mbele yangu, na aliisoma bahari kuliko nitakavyoweza kuisoma mimi maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kumwambia. Chombo chake kilikuwa na karatasi ya ukaguzi, na katika karatasi hiyo palikuwa na kisanduku cha redio kilichotiwa alama kwamba ipo.

Ni kweli, ipo. Hapo ndipo ninapotaka tubishane.

Dakika chache zina uzito gani baharini? Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 feri MV Estonia, iliyotoka Tallinn kwenda Stockholm, ilizama katika Bahari ya Baltiki. Watu 852 walikufa. Wito wa kwanza wa Mayday ulisikika saa 7 na dakika 22 za usiku, kwa sauti, kwenye chaneli 16. Meli ya jirani, Silja Europa, iliitikia na kuuliza: mko wapi? Umeme ulikuwa umekatika na maafisa hawakuweza kusoma mahali walipo. Ilichukua takriban dakika saba hadi latitudo na longitudo zikatamkwa, na muda mfupi baadaye sauti ikapotea kabisa. Kufikia saa 7 na dakika 50 hivi meli ilikuwa imetoweka kwenye rada. Katika nusu saa hiyo ya uhai wa chombo, robo nzima ilitumika kutafuta jibu la swali ambalo mashine inalijibu kwa nusu sekunde.

Mwaka huo mfumo wa dunia wa dharura na usalama baharini, GMDSS, ulikuwa bado katika kipindi cha mpito. Ulianza Februari 1992 na ukawa sharti kamili Februari 1999. Na kuna jambo dogo la kiufundi ambalo usiku ule ungelitamani: redio ya DSC inakumbuka. GPS ikizimika kwa sababu umeme umekatika, redio iliyo kwenye betri yake inashikilia mahali pa mwisho ilipopajua pamoja na saa yake, na hufuta tu baada ya karibu siku nzima kupita. Mahali pa dakika kumi zilizopita ni pazuri sana kuliko tisa kumi.

Tupige hesabu kwa maji yetu wenyewe. Kati ya Unguja na Pemba ni kama kilomita 50. Ukiambiwa tu kwamba boti imezama mahali fulani katikati, na upana wa kutafuta ukawa kilomita 40, una kilomita za mraba 2,000 mbele yako. Ishara yenye mahali inataja hadi dakika moja ya nyuzi, ambayo ni kilomita 1.85. Eneo linakuwa chini ya kilomita nne za mraba. Mkondo wa pwani hii unapanda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi hushika kasi, hivyo kila saa ya kuchelewa inalisogeza na kulipanua hilo eneo. Kichwa cha mtu majini hakionekani kutoka mbali. Aliyewahi kutafuta koti la kuokolea lililodondoka, mchana, bahari ikiwa na mawimbi ya nusu mita, anajua ninachosema.

Sitaki mtu anielewe vibaya kuhusu ajali zetu. MV Spice Islander I, iliyozama alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, ilikuwa imepakia watu kupita kiasi kikubwa mno, na hakuna kitufe duniani kinachofuta kosa hilo. Redio haizuii kuzama. Kazi yake inaanza pale watu wanapokuwa tayari majini, na hapo ndipo kila nusu saa ina majina ya watu.

Jibu ninalolisikia mara nyingi kwa wenye boti ni kwamba siku hizi kila mtu ana simu. Nalielewa. Simu imeokoa watu wengi katika pwani hii na katika Ziwa Victoria, na sitamwambia mvuvi wa ngalawa aiache nyumbani. Lakini simu inamfikia mtu mmoja. Ukimpigia shemeji yako Wete, naye akampigia polisi anayemfahamu, naye akampigia mtu wa bandarini, meli ya mizigo inayopita kilomita sita kutoka ulipo haitajua lolote. Redio inamfikia kila aliye karibu kwa wakati mmoja, na aliye karibu baharini ndiye mwokoaji mwenyewe, kwa kuwa chombo cha serikali kitatoka bandarini na itakichukua saa kufika. Tena simu ikilowa imekwisha.

Redio nayo ina mipaka yake, na ni vizuri watu waijue badala ya kuiamini kama hirizi. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama macho yanavyoona, hivyo urefu wa antena ndio unaoamua. Boti mbili ndogo zenye antena mita mbili juu ya maji husikilizana kwa kilomita 12 hivi. Boti hiyo hiyo na meli yenye antena mita 30 juu hufika kilomita 28. Na mnara wa nchi kavu wenye mita 100 utaisikia kutoka kilomita 47. Kuipandisha antena kutoka juu ya paa la kibanda hadi ncha ya mlingoti kuna faida kuliko kununua redio ya bei mbaya. Anayekwenda mbali zaidi ya hapo, kwenye maji ya jodari, anahitaji redio ya mawimbi ya kati au mafupi, yanayofika mbali zaidi, au kile kifaa cha kuelea kinachoita satelaiti kwa megahezi 406. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Upande wa wanaosikia nao una matatizo. King'ora cha DSC kina sauti ya kuudhi makusudi, na ishara nyingi zinazoingia ni za bahati mbaya: mtoto amechezea kitufe, fundi amejaribu. Baada ya mara ya kumi, baharia huanza kuzima king'ora bila kusoma. Na aliyekosea, akiona kishindo alichozua, huizima redio na kunyamaza kwa hofu ya faini. Hilo ndilo kosa lenyewe. Aliyebonyeza kwa bahati mbaya aifute ishara kwa kufuata maelekezo ya redio yake, kisha aende chaneli 16 aseme kwa jina la chombo na namba yake kwamba ishara aliyotuma saa fulani ilikuwa ya makosa na anaifuta. Hayo yanamalizwa kwa dakika moja. Mamlaka zetu zingetangaza hadharani kwamba anayekiri hatozwi chochote, zingeokoa mafuta ya doria na heshima ya mfumo mzima.

Chaneli 16 yenyewe ina historia inayotuhusu. Mpango wa awali wa dunia ulikuwa meli kubwa ziache kuisikiliza Februari 1999, kwa kuwa DSC ingetosha. Tarehe ikasogezwa hadi 2005, na kabla haijafika ikaamuliwa usikilizaji uendelee, kwani boti ndogo nyingi hazikuwa na kingine. Dunia ilitusubiri. Robo karne imepita tangu hapo, na bado tunatia alama kwenye kisanduku.

Sasa ile namba. Kila redio ya DSC inatakiwa kuwa na namba ya tarakimu tisa, MMSI, na tatu za kwanza katika hizo hutaja nchi. Tanzania ina 674 na 677, Kenya 634, Msumbiji 650, Oman 461. Redio nyingi huruhusu namba hiyo iingizwe mara moja, au mbili kwa bahati, kisha zinajifunga hadi zirudi kwa muuzaji au kiwandani. Kwa mnunuzi wa bidhaa za mitumba hilo ni shimo. Boti ikinunuliwa Ulaya au Ghuba pamoja na redio yake, na mwenye boti mpya asibadilishe namba, siku ya janga kituo cha uokoaji kitafungua daftari na kukuta yoti ya mtu mwingine, katika bandari nyingine. Watapiga simu kwa mwenye zamani, naye atawajibu kwamba yuko sebuleni kwake. Wakati huo huo watu wako majini.

Nchini Uingereza mwenye chombo anayeomba leseni ya redio kwa njia ya mtandao hupewa bila malipo, pamoja na namba yake. Sioni sababu ya mvuvi wa Mafia au Lamu kupewa kwa masharti magumu kuliko hayo. Namba inagharimu serikali kuandika mstari mmoja katika daftari. Ikiwa kuipata kunahitaji safari ya kwenda Dar es Salaam au Nairobi na fomu za kurasa kadhaa, wengi watabaki na skrini zenye vistari, nami sitawalaumu.

Ninachotaka kutoka kwa TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini upande wa Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na wenzao wa Kenya ni badiliko moja katika karatasi ya ukaguzi. Mkaguzi asiandike kwamba redio ipo. Asimame kibandani, amwambie nahodha mwenyewe, si fundi, apige wito wa majaribio. Mfumo huu una wito wa aina hiyo, hauamshi king'ora cha dharura cha mtu yeyote. Redio nyingine ya DSC mkononi mwa mkaguzi ipokee na ionyeshe namba ya chombo, na skrini ya nahodha ionyeshe mahali na saa. Ikionyesha, boti imefaulu. Zikionekana tisa kumi au vistari, boti isipakie abiria hadi nyaya ziunganishwe. Jaribio zima ni dakika tano, na halihitaji sheria mpya wala mkopo wa nje.

Na nchi kavu nako kukaguliwe. Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji tangu 2006, na Dar es Salaam kuna kituo chake. Nahodha ana haki ya kujua, kwa ramani iliyobandikwa kila gati na kila diko, ni katika maji gani sauti yake inafika kwenye mnara wenye mtu usiku na mchana, na ni katika maji gani atategemea meli zinazopita tu. Ramani hiyo ikiwa na mapengo, ibandikwe na mapengo yake.

Yule mzee wa kwenye boti ya mbao tulibadilishana namba za simu. Wiki kadhaa baadaye alinipigia. Fundi wa GPS alikuwa amepita kwa kazi nyingine, akamwomba azifungue zile nyaya zilizofungwa utepe, zikaunganishwa kabla ya adhuhuri. Sasa vistari vimeondoka na mahali panaonekana, alisema, na panabadilika chombo kikisogea. Namba ya utambulisho alikuwa bado anaifuatilia.

"Mwanangu," akaniuliza, "na hao wa huko juu mnarani, usiku nao wanakuwepo?"

Nilimwambia nitauliza, na swali lake nimeliweka hapa kama alivyolisema.